Kifaa kilichounganishwa: maana yake kwenye friza ya samaki

Kifaa kilichounganishwa ni mashine ya kawaida iliyoongezewa kihisi cha kupima, bodi ndogo ya kusoma kipimo hicho, na laini ya simu ya kumfikishia mtu habari. Huyo mtu ndiye kiini cha jambo. Kipimo kisichomfikia mwenye ufunguo wa chumba hakiokoi hata samaki mmoja.

Chukua karakana ndogo ya minofu ya sangara Mwanza. Friza inatakiwa ikae nyuzi hasi 18. Umeme ukikatika usiku kwa muda mrefu mzigo unalegea, ukirudi unaganda tena, na asubuhi kwa macho huoni kitu. Hasara inamfuata hadi mama wa Kirumba aliyekodi kona ya friza hiyo, na mlaji wake.

Kihisi cha joto kinachofaa ni DS18B20 chenye kifuniko cha chuma. Kina nyaya tatu. Kati ya waya wa umeme na wa data funga rezista (kipande kidogo cha kuzuia mkondo wa umeme) ya kilo-ohm 4.7. Ukiisahau, programu nyingi zitasoma -127, yaani kihisi hakionekani. Ikisoma 85, kimewaka lakini hakijapima. Namba hizo mbili zisitumwe kamwe kama joto la samaki.

Kinachosumbua mafundi zaidi ni moduli ya simu, yaani kipande kinachobeba laini na kutuma meseji, mfano SIM800L. Inaporusha mawimbi huvuta hadi ampia 2 kwa mpigo. Chaja dhaifu inazidiwa, volti zinashuka, moduli inajizima na kuwaka upya bila kukoma. Ipe betri ya lithiamu ya volti 3.7 na kapasita (kipande kinachotunza umeme kidogo kwa ajili ya mpigo huo) ya mikrofaradi 1000 karibu na miguu ya moduli. Bodi nayo iwe na betri, maana king'ora kinachotegemea umeme wa friza peke yake kinazimika nayo.

Bodi na antena vikae nje. Chuma cha friza kinazuia mawimbi. Kihisi usikiache kikining'inia hewani, kila mlango ukifunguliwa kitapiga kelele. Kizamishe kwenye chupa ndogo ya gliserini sehemu mbili kwa maji sehemu moja. Anza na kizingiti cha hasi 12 kwa dakika 15, yaani meseji itumwe joto likizidi hapo kwa muda huo, kisha urekebishe.

Meseji iende kwa mwenye friza, kwa mlinzi, na kwa waliokodi nafasi; samaki ni wao pia. Kila wiki jaribu king'ora: toa kihisi nje dakika 20. Meseji isipofika, angalia salio kwanza.