Haki Ambazo Katiba Haikuzitaja

Katika vikao vya elimu ya Katiba hakuna swali linalorudi mara nyingi kama hili: "Haki hiyo imeandikwa ibara ya ngapi?" Muulizaji huwa anaamini kwamba pasipo na ibara hapana haki. Lakini katiba nyingi hazisemi popote kwamba mzazi ana haki ya kumpa mwanawe jina, au kwamba mtu mzima anaweza kukataa kufanyiwa upasuaji asioutaka, na bado hakuna anayeamini kwamba mambo hayo tunayafanya kwa hisani ya Serikali.

Jambo hili liliwasumbua watu tangu zamani. Katiba ya Marekani ilipokuwa ikijadiliwa, wapo waliopinga kuwekwa kwa orodha ya haki, si kwa sababu walizidharau haki zenyewe, bali kwa kuhofu kwamba ukitaja baadhi utaonekana umeziachia Serikali zile ambazo hukuzitaja. James Madison, mmoja wa waandishi wa Katiba hiyo, aliona uzito wa hoja hiyo, na katika mapendekezo aliyoyawasilisha mwaka 1789 aliweka kinga iliyokuja kuwa Marekebisho ya Tisa mwaka 1791: kutajwa kwa haki fulani kusitafsiriwe kuwa kunazikana au kuzidunisha nyingine zilizobaki mikononi mwa wananchi.

Afrika Mashariki nayo ina kinga za aina hiyo, ingawa hazilingani upana. Ibara ya 45 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kwamba haki zilizotajwa zisichukuliwe kuwa zinazitoa nje zile ambazo hazikutajwa. Ibara ya 19 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazikubali haki nyingine pia, lakini kwa sharti kwamba ziwe zimetambuliwa au kutolewa na sheria, na zisipingane na sura hiyo ya haki. Msomaji asilipite sharti hilo haraka, kwa maana linamtaka mdai aonyeshe kwanza sheria inayoibeba haki yake.

Hata pasipo na kinga ya namna hiyo, majaji wamewahi kuikuta haki isiyotajwa ndani ya ile iliyotajwa. Ibara ya 21 ya Katiba ya India inasema tu kwamba mtu hatanyimwa uhai wala uhuru wake binafsi ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitoa hukumu katika shauri la watu waliokuwa wakiishi kwenye vibanda kandokando ya barabara za Bombay, ambao mamlaka za jiji zilitaka kuwaondoa. Neno riziki halimo katika ibara hiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba walilala pale kwa kuwa ndipo palipokuwa karibu na vibarua vyao, kwamba ukiwahamisha kazi inapotea, na asiye na njia ya kujipatia riziki hana namna ya kuishi. Mahakama ilikubali kwamba haki ya kuishi inabeba ndani yake haki ya kupata riziki. Hata hivyo haikuzuia ubomoaji. Iliusogeza mbele hadi msimu wa mvua upite na kuuwekea masharti, kwa hiyo watu wale waliipata haki na makazi wakayakosa. Mwaka 2017 majaji tisa wa mahakama hiyohiyo walitamka kwa kauli moja kwamba faragha nayo ni haki ya msingi.

Wanaopinga mwenendo huu wana hoja nzito, nami siwabezi. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji watano dhidi ya wanne, ilitengua sheria ya jimbo la New York iliyoweka ukomo wa saa 10 kwa siku na saa 60 kwa wiki kwa waoka mikate. Majaji waliegemea uhuru wa kuingia mikataba, uhuru ambao Katiba yao haikuutaja kwa jina, na mfanyakazi aliyechoka mbele ya tanuri akaambiwa kwamba huo ndio ulinzi wake. Ilipita miaka zaidi ya 30 kabla ya mahakama hiyo kuiacha njia hiyo mwaka 1937. Haki isiyoandikwa inaweza pia kutoweka jinsi ilivyokuja: ile ya kutoa mimba, iliyotambuliwa mwaka 1973, iliondolewa na mahakama hiyohiyo mwaka 2022.

Wengine hupendekeza kwamba jaji aangalie historia tu, atambue kile ambacho jamii imekiheshimu siku zote. Kipimo hicho hakinitoshi. Sheria za kuzuia ndoa kati ya watu weupe na weusi zilidumu vizazi na vizazi nchini Marekani hadi zilipobatilishwa mwaka 1967, na kama ukongwe wa desturi ndio ungekuwa mwamuzi wa mwisho, zingebaki.

Kwa maoni yangu katiba inapaswa kuzilinda haki ambazo haikuzitaja, na kusema hivyo kwa maandishi, huku jaji akibanwa na sharti moja: aonyeshe hatua kwa hatua kwamba haki anayoitambua isipolindwa, ile iliyoandikwa itabaki jina tupu. Wakazi wa Bombay walikivuka kipimo hicho, kwani uhai usio na riziki haudumu. Majaji wa mwaka 1905 wangepata taabu kueleza ni haki gani iliyoandikwa ingekufa kama mwoka mikate angeruhusiwa kwenda kulala.