Kuwapata washiriki na kubaki nao kwenye majaribio ya afya ya akili, maana yake nini hasa

Ukifuatilia habari za dawa mpya ya sonona au tiba mpya ya skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini vitu visivyokuwepo, utakuta watafiti wanaongelea sana vitu viwili, kuandikisha washiriki na kubaki na washiriki, na wengi wetu tunavipita haraka tukidhani ni mambo ya makaratasi tu. Mimi naona hapo ndo utafiti unaponea au unafia.

Kuandikisha ni kuwatafuta watu wenye tatizo linalochunguzwa, kuwaeleza vizuri kitakachofanyika, kuangalia kama wanaingia kwenye vigezo, na wakikubali wenyewe wanasaini fomu ya ridhaa. Kubaki nao ni kuhakikisha wanafika mpaka kipimo cha mwisho, iwe wiki ya 8 au ya 12 au mwezi wa 18, bila kupotea njiani.

Kuandikisha kwenyewe ni kazi. Kuna bingwa wa dawa wa Marekani, Louis Lasagna, jina lake limebaki kwenye kanuni inayosema wagonjwa wanaofaa ni tele kabla utafiti haujaanza, ukianza tu wanaadimika, ukiisha wanarudi. Sababu kubwa ni vigezo. Mtu ana sonona kweli lakini anakunywa pombe sana, hachukuliwi, mwingine ana mawazo ya kujiua, hachukuliwi, mwingine tayari yuko kwenye dawa nyingine, naye basi, wakati kwenye maisha ya kawaida hayo mambo mara nyingi yanamkuta mtu mmoja kwa pamoja. Ongeza unyanyapaa, ongeza hofu ya kuangukia kundi la plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, utaelewa kwa nini nafasi hazijai.

Na haraka ya kuzijaza ina madhara yake. Kama kigezo ni alama fulani za ukali wa ugonjwa, anayehoji anaweza akazisukuma juu kidogo, hata bila kujua, ili mtu aingie. Baadaye zinashuka zenyewe, makundi yote mawili, la dawa na la plasibo, yanaonekana yamepata nafuu, na dawa inayofanya kazi inaonekana haina tofauti na plasibo.

Lakini kubaki nao ndo kugumu zaidi kwenye afya ya akili, na sababu yake iko ndani ya ugonjwa wenyewe. Chukua dodoso la PHQ-9 la kupima sonona, lina maswali 9, kila moja linapewa alama 0 mpaka 3, jumla 27. Swali la kwanza kabisa linauliza ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo. Sasa fikiria, huyo huyo asiye na hamu ya chochote tunataka aamke, aoge, atafute usafiri, aje akae foleni ajaze hiyo fomu, na siku ambayo jibu lake lingekuwa 3 ndo siku ambayo hatokei. Kwa hiyo karatasi isiyojazwa sio pengo la bahati mbaya tu, mara nyingi ndo ile yenye habari mbaya kuliko zote.

Hesabu yake iko hivi. Tuseme kundi la dawa lina watu 50, 20 wakaondoka kwa sababu hawakuona nafuu, wakabaki 30 na kati yao 24 wamepata nafuu. Ukihesabu waliobaki tu unapata asilimia 80, ukihesabu wote 50 unapata 48. Ndo maana uchambuzi makini unamhesabu kila mtu kwenye kundi alilopangiwa mwanzoni, hata kama aliacha.

Ila kuacha dawa sio lazima kuwe kuacha utafiti, hapa watu wanachanganya sana. Kwenye utafiti mkubwa wa skizofrenia wa Marekani unaoitwa CATIE, uliotolewa 2005 ukiwa na wagonjwa 1,493, asilimia 74 waliacha dawa waliyopangiwa kwanza kabla ya miezi 18. Watafiti walikuwa wamejipanga, muda wa kuacha dawa ndo kilikuwa kipimo chao kikuu, na aliyeacha moja aliweza kuendelea na nyingine.

Kinachosaidia watu wabaki ni vitu vya kiutu tu, nauli irudishwe siku hiyo hiyo, sura iliyompokea mwanzo ndo imkute tena, maswali yasiwe lundo, asiyeweza kuja apigiwe simu, na mapema mtu mwenyewe achague ndugu au rafiki wa kutafutwa akipotea. Pesa ikizidi inageuka ushawishi, hiyo sio sawa.

Na kubaki naye sio kumng'ang'ania. Azimio la Helsinki, yaani mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, lililotoka mara ya kwanza 1964, linampa mshiriki haki ya kujitoa wakati wowote bila kuadhibiwa, na matibabu yake ya kawaida yanaendelea. Anayeaga anaulizwa kwa upole kitu kimoja, je, dawa umeacha, lakini unaruhusu tukupigie mara moja tu wiki ya mwisho tujue unaendeleaje? Akisema hapana, namba yake haipigwi tena.