Rangi ya kifuniko cha tyubu ya damu si pambo

Potasiamu milimoli 11 kwa lita, kalsiamu chini ya 1. Mwenye namba hizo moyo wake ungekuwa mashakani, lakini mgonjwa mwenyewe alikuwa ameketi kitandani akizungumza na nduguze. Nikapiga simu wodini kutoka maabara. Aliyetoa damu hakunificha: tyubu ya kifuniko chekundu haikujaa, kwa hiyo aliifungua ile ya zambarau na kumimina damu yake kidogo kwenye hiyo nyekundu.

Ndani ya tyubu ya zambarau mna EDTA, kwa kawaida ikiwa chumvi ya potasiamu. Kazi yake ni kuikamata kalsiamu, kwa kuwa bila kalsiamu damu haigandi. Tunapohesabu chembe za damu, hilo ndilo tunalolitaka. Ukiihamishia kwenye tyubu nyingine, unaongeza potasiamu isiyo ya mgonjwa na kuificha kalsiamu aliyonayo. Hata kimeng'enya cha fosfatasi alkali hushuka, maana hutegemea zinki na magnesi ambazo EDTA huzinyakua pia. Nikiyaona matatu hayo pamoja, naishuku tyubu kabla ya kumhofia mgonjwa.

Ndiyo maana tyubu hujazwa kwa mpangilio: chupa za kuotesha vijidudu kwanza, kisha ya buluu hafifu yenye sitrati (dawa ya kuzuia kuganda), nyekundu au ya dhahabu kwa ajili ya seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda), kijani yenye heparini (nayo huzuia kuganda), zambarau, na mwisho ya kijivu yenye floridi (huzuia chembe kula sukari). Tone dogo linalobaki kwenye sindano laweza kubeba dawa ya tyubu moja hadi nyingine.

Sasa nije kwenye ombwe lililomo ndani ya tyubu, ambalo wengi hulichukulia kama njia ya kurahisisha kazi tu. Hewa imenyonywa kiwandani kwa kipimo, ili tyubu ivute damu kiasi maalumu na kusimama yenyewe. Dawa iliyomo imepimwa kulingana na kiasi hicho. Kwenye tyubu ya buluu hafifu uwiano ni sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitrati. Ikijaa nusu, sitrati inazidi, na kipimo cha kuganda kitaonyesha damu inachelewa kuganda ilhali mgonjwa hana tatizo. Daktari akiamini namba hiyo, anaweza kupunguza dawa ambayo mgonjwa anaihitaji, na hilo linaniuma kuliko kosa lingine lolote la sampuli. Ukitumia sindano ya kipepeo, mrija wake una hewa itakayoingia kwenye tyubu ya kwanza. Basi anza na tyubu ya kutupa, ndipo uweke ya sitrati.

Ukishaitoa, igeuze taratibu juu chini: ya sitrati mara 3 au 4, ya zambarau mara 8 hadi 10. Usiitikise. Kutikisa hupasua chembe nyekundu, nazo zimejaa potasiamu. Vivyo hivyo kusukuma damu kwa nguvu kutoka kwenye bomba la sindano kuingia kwenye tyubu. Mpira wa kufungia mkono nao usizidi dakika moja.

Tyubu ya seramu iache wima igande, dakika 30 hadi 60, kabla ya kuizungusha kwenye mashine. Ukiharakisha, nyuzi za damu iliyoganda nusu huziba mrija wa kipimio, na kazi yote hurudiwa. Lakini usiisahau pia: chembe zilizo hai zinaendelea kula sukari humo ndani, na kipimo cha glukosi hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa.

Yule mgonjwa tulimtoa damu upya, tyubu mpya, kwa mpangilio. Potasiamu ikasoma 4.3. Tangu siku hiyo, tyubu ya buluu hafifu isiyofika mstari siiingizi kwenye mashine, hata wodi ikilalamika. Naipigia simu kwanza, na kuwaeleza kwa nini.