ZPD sio "kumsaidia mwanafunzi", twendeni Kibirizi kidogo

Wiki hii nimesahihisha mazoezi ya wanachuo wangu hapa Kigoma na karibu wote wameandika kitu kilekile, eti ZPD ya Vygotsky (Zone of Proximal Development, yaani ukanda wa ukuaji wa karibu) ni "mwalimu kumsaidia mwanafunzi". Wanangu, hapo mmeishia barazani, ndani hamjaingia, na mkienda nayo hivo BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, mtawachosha watoto wa watu bure.

Tuanze na mfano wake mwenyewe. Vygotsky alikuwa mwanasaikolojia wa Kisovieti, kazaliwa 1896, kifua kikuu kikamchukua 1934 akiwa na miaka 37 tu. Anasema chukua watoto wawili wa miaka 10, wape maswali kila mtu peke yake, wote wanaishia maswali ya mtoto wa miaka 8. Mtihani wa kawaida unasema hawa wako sawa, biashara imeisha. Yeye akasema ngoja kwanza, wape kidokezo, waanzishie swali, waulize swali la kuwafungua, afu uone. Mmoja anapanda mpaka maswali ya miaka 12, mwenzie anakwama kwenye ya miaka 9. Basi ukanda wa yule wa kwanza ni miaka 4, wa huyu ni mmoja. Kwa hiyo ZPD ni huo umbali wenyewe, kutoka anapofika peke yake mpaka anapofika akishikwa mkono, sio kitendo cha kumshika.

Sasa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma. Mnajua mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala na nyavu zinatandazwa mchangani zishonwe. Nilikaa pale asubuhi moja na mzee mmoja na mpwa wake, dogo wa miaka kama 11. Kujaza uzi kwenye sindano ya nyavu dogo anaweza usingizini, hapo hana cha kujifunza tena. Kuunda wavu mpya mzima ungemkimbiza. Kinachomsumbua kiko katikati, yaani tundu likishachanika huwezi kulishona hivohivo, lazima kwanza ukate kingo zilizoharibika ndo macho ya wavu yahesabike, na dogo anaogopa kukata maana kisu kikikosea tundu linaongezeka. Anauliza, "Mjomba, nikate hapa?" Mzee hamjibu ndio wala hapana, anamrudishia, "We unaonaje, mjomba?" Tundu la kwanza mzee alikata mwenyewe akamwachia ashone, huku kidole chake kiko ndani ya jicho la wavu ili dogo aone ukubwa. La pili dogo akakata, mzee macho hayatoki mkononi mwake. La tatu mzee akageuka akaanza kuongea na mimi habari za bei ya mawese, na sikio lake moja najua lilikuwa bado kwenye kile kisu.

Kile kidole kwenye jicho la wavu ndo skafoldi (scaffolding), yaani msaada wa muda unaoondolewa mtoto akishaweza. Na hapa tuelewane, neno hilo Vygotsky hakulitumia, acheni kumwandikia kwenye mitihani. Lilikuja 1976 kwa watafiti Wood, Bruner na Ross, walipomwangalia mwalimu mmoja akifundisha watoto 30 wa miaka 3, 4 na 5 kupanga piramidi ya vipande 21 vya mbao. Wa miaka 3 maneno hayakuwaingia sana, ilibidi wavutwe kwenye kazi na kuonyeshwa, wa 4 ndo maneno yakawafaa, wa 5 walitaka tu mtu wa kuwahakikishia wamepatia. Msaada ulibadilika na mtoto. Skafoldi ya jengo mafundi wetu wanaita mirunda, na hakuna fundi anayekabidhi nyumba mirunda ikiwa bado imesimama.

Najua mtauliza, mkufunzi, darasa lina watoto 100, nitapima ukanda wa nani? Ni swali la haki kabisa na linaniuma hata mimi. Ila Vygotsky hakusema mtu mzima peke yake, alisema na mwenzie anayejua zaidi. Mtoto wa darasa la kwanza huko Buhigwe amelala na kuamka na Kiha, we unamuuliza kwa Kiswahili ndizi 9 ukitoa 4 anabaki kukutazama, unaandika "mzito". Mwambie jirani yake amweleze kwa Kiha. Jibu likija hapohapo, ujue kutoa alikuwa anajua, kilichomkwamisha ni lugha ya swali, sasa unajua pa kumshikia.

Kwa hiyo mkiandika andalio la somo safari hii, msiniandikie tu "mwalimu atawaongoza wanafunzi". Nataka kuona ni hatua gani utatoa kidole kwenye jicho la wavu, na utajuaje kwamba wakati umefika.