Moto hauongezi ukali wa wanzuki

Miongoni mwa watengenezaji wa wanzuki, yaani pombe ya asali, mkoani Tabora ipo imani ya siku nyingi kwamba chombo kikiwekwa karibu na jiko, kinywaji huwa kikali zaidi. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa penye joto povu hupanda upesi. Hata hivyo, povu hilo ni hewa ya kaboni tu, na ukali hutokana na kiasi cha sukari ya asali ambacho hamira imekigeuza kuwa kileo. Joto hubadilisha kasi ya kazi hiyo, haliongezi sukari.

Hamira nyingi za pombe hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 24 za Selsiasi. Joto likizidi sana, hutoa vileo vizito vyenye harufu kali inayochoma pua, ambayo wanywaji wengi, kwa bahati mbaya, huichukulia kuwa ndiyo ukali wenyewe; na likizidi nyuzi 40, hamira hudhoofika na hatimaye hufa. Isitoshe, uchachushaji huzalisha joto lake wenyewe, hivyo kilichomo ndani ya chombo huwa na joto kuliko chumba.

Usiku wa Juni na Julai, baridi ya Tabora inapoweza kushuka hadi karibu nyuzi 15, hamira huzubaa. Hapo yatosha kuinua chombo kutoka kwenye sakafu ya saruji na kukizungushia blanketi au magunia makavu, mbali na jiko.