ctime si tarehe ya kuzaliwa faili

Wiki iliyopita, katika ofisi moja hapa Mbeya, karani alibanwa aeleze kwa nini ripoti ya kahawa ya Juni "imeundwa" Septemba. Aliyembana alichapa `stat`, amri inayoonyesha taarifa za faili, akaona tarehe ya Septemba kwenye mstari wa Change, basi, kesi imekwisha. Kosa hili nimelisikia mara nyingi mno, na safari hii limemwangukia mtu asiye na hatia.

Unix hutunza nyakati tatu za kila faili: atime ni liliposomwa mara ya mwisho, mtime ni yaliyomo yalipobadilika mara ya mwisho, ctime ni inodi (kumbukumbu ya mfumo kuhusu faili: mwenyewe, ruhusa na kadhalika) ilipobadilika mara ya mwisho.

Hiyo c ni ya neno change, si create. Shida ni kwamba modify na change kwetu yote ni "kubadilisha", kwa hiyo mtu akishaipa mtime tafsiri hiyo, ctime huitafutia nyingine, na "kuunda" ndiyo iliyo karibu. Fikiria jalada la masjala. Ukiongeza ukurasa ndani, mtime inasogea, na ctime nayo inaifuata. Ukikata jina la afisa juu ya gamba ukaandika la mwingine, kurasa hazijaguswa. Ctime inasogea peke yake. Ndicho kilichotokea: Septemba mtu wa mitambo alipitisha `chown`, amri ya kubadilisha mwenye faili, faili likawa la mhasibu mpya. mtime ilikuwa bado 27 Juni, mstari mmoja tu juu ya ule alioushikilia aliyembana karani!

Mkaguzi ana haki ya kuijali ctime. mtime hurudishwa nyuma kwa `touch -d`, ila ctime huandikwa na mfumo wenyewe. Lakini inasema faili limeguswa, haisemi limezaliwa. Kuzaliwa kuna mstari wake, Birth, pale mfumo wa faili unapoitunza, kama ext4; nako ukilinakili faili kwa `cp`, nakala inazaliwa leo.

Kwenye Linux, `stat -c '%y'` hutoa mtime, `%z` ctime, `%w` kuzaliwa. Ukitaka tarehe ya kubandika kwenye ripoti: `date -r ripoti.csv '+%d/%m/%Y %H:%M'`, nayo ni mtime. Ikiandika 14:05, ni saa nane na dakika tano mchana.

Basi ndugu yangu, ukikuta Change ya Septemba, sema "taarifa za faili ziliguswa Septemba", kisha muulize karani nani alizigusa na kwa amri gani.