Baada ya chanjo si kwa sababu ya chanjo: maneno ya ripoti na yanavyosomwa vibaya

Kila kampeni ya chanjo inapopita, Unguja na Pemba, huzuka jedwali la maradhi yaliyoripotiwa baada ya chanjo kwenye makundi ya WhatsApp. Mara nyingi limetolewa nchi nyengine: safu ya maradhi, safu ya idadi, na juu yake mtu kaandika kwa wino mwekundu kuwa haya ndiyo tuliyofichwa. Jedwali lenyewe aghlabu ni la kweli. Linaloharibika ni usomaji wake. Maneno yaliyomo yana maana yake ya kazini, na mtu akiyasoma kwa maana ya barazani atafika kwengine kabisa.

Dhana: kilichoripotiwa kimesababishwa na chanjo

Hii ndiyo mama yao. Shirika la Afya Duniani linalieleza tukio baya baada ya chanjo kuwa ni jambo lolote lisilo jema la kiafya linalomfika mtu baada ya kuchanjwa, na papo hapo linasema si lazima liwe limeletwa na chanjo. Kinachotazamwa ni kipi kilitangulia na kipi kilifuata, basi. Mtoto akichanjwa Wete Jumatatu, Jumatano akashikwa na kuharisha, mama akarudi naye kituoni na wasiwasi wake, fomu inajazwa. Kama kuharisha kumetoka kwenye chanjo au kwenye maji ya kisima, hilo litaulizwa baadaye na watu wengine.

Lawama kidogo tujitwishe wenyewe. Utawasikia hata wataalamu wakisema "madhara yatokanayo na chanjo" wakikusudia ripoti zote zilizopokelewa. Hiyo "yatokanayo" imeshatoa hukumu kabla ya shahidi wa kwanza kuitwa. "Matukio yaliyofuatia chanjo" halina ladha mdomoni, lakini ndilo lililo sawa.

Fanya hesabu ndogo. Mtoto wa kwetu katika mwaka wake wa kwanza hupelekwa chanjo mara tano: anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, na akifika miezi 9. Tukizichukua siku saba za baada ya kila safari, tunapata siku 35 kati ya 365, karibu siku moja katika kila kumi. Basi katika kila maradhi kumi yatakayomfika mtoto huyo kwa nasibu tu, moja hivi litaangukia ndani ya wiki ya chanjo, hata kama ndani ya sindano mlikuwa na maji matupu. Sisemi kuwa chanjo haileti kitu. Nasema idadi ya ripoti, peke yake, haiwezi kukwambia.

Marekani wana mfumo wao wa kupokea ripoti hizi, VAERS, ulioanza 1990, na unapokea ripoti ya mtu yeyote. Daktari mmoja huko aliwahi kuripoti kwamba chanjo ya mafua imemgeuza kuwa Hulk, lile jitu la kijani la kwenye filamu. Ripoti ikaingia! Baadaye akatafutwa, akaulizwa, na ikafutwa kwa ridhaa yake. Watu hucheka, lakini mlango umeachwa wazi makusudi: heri zipokewe mia za ovyo kuliko kukosekana moja yenye maana.

Dhana: homa ya usiku ule ule ndiyo ya chanjo, ya wiki inayofuata ni mambo mengine

Inategemea chanjo gani. Pentavalenti, ile sindano moja ya maradhi matano ya wiki ya 6, 10 na 14, ikileta homa huileta ndani ya siku moja au mbili, pamoja na paja kuvimba na mtoto kulialia. Haya ndiyo manesi wanayoyaita maudhi madogo madogo. Ya surua na rubela mwendo wake ni mwengine. Ndani yake mna virusi hai vilivyodhoofishwa, na lazima kwanza vizaane mwilini, kwa hiyo homa yake huja baada ya wiki moja hivi, mpaka kwenye siku ya 12. Mtoto aliyechanjwa surua asubuhi akawaka moto jioni, uwezekano mkubwa ana jambo jengine, na kumweka ndani kwa kuwa "ni chanjo tu hiyo" ni kumhatarisha. Aliyepata homa na vipele siku ya 9 ndiye anayefanana na mtu wa chanjo kweli, na kwa wakati huo nyumba nzima imeshasahau kama alichanjwa.

BCG, chanjo ya kifua kikuu ya begani, haina haraka kabisa. Kijipu hujitokeza baada ya wiki mbili au zaidi, kikatoa usaha kidogo, kikakauka na kuacha kovu. Sindano haikuoza. Usikipake kitu, kiache.

Halafu kuna degedege. Homa, itoke itokako, inaweza kumtia degedege mtoto wa baina ya miezi 6 na miaka 5. Kwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, takwimu za Marekani zinaliweka tukio hili kwenye dozi moja kati ya 3,000 hadi 4,000 hivi. Linatisha: macho yamegeuka juu, mikono imekakamaa, povu mdomoni, na majirani wameshajaa uani. Kwa kawaida degedege la homa hupita kwa dakika chache na halimwachii mtoto kilema. La kwetu pwani ni lile linaloongezwa juu yake: "Mwanangu, mwenye degedege hachomwi sindano, atakufa." Bibi anayesema hivi hasemi kwa ubaya. Pengine ameshuhudia watoto waliofikishwa hospitali pumzi zimeshakata, wakachomwa sindano, wakafa mikononi mwa watu, na sindano ndiyo iliyokuwa jambo la mwisho kuonekana. Degedege likija siku chache baada ya chanjo, masimulizi hayo mawili huungana, na mtoto anapelekwa kwa mganga. Alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe kituoni, na anayempeleka ataje tarehe aliyochanjwa.

Dhana: tukio zito ni lenye maumivu makali

Kwenye fomu, "kali" na "zito" ni vitu viwili. Ukali ni nguvu ya dalili. Uzito ni matokeo, na orodha yake inajulikana: mtu amefariki, maisha yake yaliingia hatarini, amelazwa au kulazwa kwake kumerefuka, amepata ulemavu wa kudumu au mkubwa, au mtoto amezaliwa na kasoro. Homa ya nyuzi 40 iliyotulizwa nyumbani kwa parasetamo ni kali, wala si zito. Mtoto wa degedege la dakika mbili, aliyelazwa usiku mmoja hospitali ya Chake Chake kuangaliwa na asubuhi akatoka anacheza, ni zito. Wote wawili wataonekana kwenye jedwali lile la WhatsApp, huyu wa pili katika safu moja na waliofariki, na msomaji hana njia ya kuwatenganisha.

Dhana: mtu akifa baada ya sindano, sumu ilikuwa kwenye chanjo

Wachunguzi hawana kapu moja la sababu. Wana matano. La kwanza ni chanjo yenyewe ikiwa salama na imetolewa sawasawa, lakini mwili umeipokea vibaya. La pili ni kasoro ya kiwandani, kama ilivyotokea Marekani 1955, kampuni ya Cutter ilipotoa chanjo ya polio yenye virusi ambavyo havikuuliwa sawasawa, watoto wakapooza na watu 10 wakafa. La tatu ni kosa la utoaji. La nne ni mfadhaiko wa kuchanjwa. La tano ni sadfa.

La tatu linastahili kuangaliwa kwa makini na watu wa visiwani, kwa sababu ya Samoa. Nao ni watu wa visiwa, huko Pasifiki, kama laki mbili tu, wakati sisi Wazanzibari sensa ya 2022 ilituhesabu 1,889,773. Julai 2018 watoto wawili wachanga walikufa dakika chache baada ya kuchomwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela katika hospitali moja huko. Chanjo hiyo huja kama unga mkavu kwenye kichupa, na huchanganywa na maji yake maalumu kabla ya kuvutwa kwenye sindano. Siku ile maji hayakutumika. Kilichochanganywa ni dawa ya kulegeza misuli inayotumika kwenye upasuaji, iliyokwisha muda wake. Chanjo haikuwa na kosa lolote, na manesi wawili walihukumiwa kifungo.

Lakini kabla kapu halijajulikana, neno lililotoka mitaani lilikuwa ni moja: chanjo imeua. Chanjo hiyo ikasimamishwa kwa miezi, wazazi wakazidi kurudi nyuma, na mwishoni mwa 2019 surua ikaingia. Waliougua walipita 5,700, na waliokufa ni 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Mimi naona hapa ndipo ugomvi wa maneno unapoacha kuwa wa wasomi. Vifo viwili vya kosa la mkono viliitwa vya chanjo, na wengine wote wakalipia.

Ndiyo maana fomu inauliza mambo yanayoonekana ya kipuuzi: namba ya toleo la chanjo, na namba ya toleo la maji ya kuchanganyia peke yake, na saa ilipochanganywa. Chanjo ya surua ikishachanganywa inatakiwa kutupwa baada ya saa 6 au kazi ya siku ikiisha, kimojawapo kitakachotangulia. Sudani Kusini, 2017, sindano moja ilirudiwa kwa watoto wengi kwenye kampeni ya surua, na watoto 15 wakafa. Hapo napo kosa halikutoka kiwandani.

Dhana: wasichana wanaozimia skuli ama wamelishwa sumu ama wamepandwa na mashetani

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi hutolewa sana skuli, na wasichana husimama foleni wakimtazama aliye mbele. Mmoja anaanguka, wa pili anahisi moyo unakwenda mbio, wa tatu anaanza kulia. Kwetu wako wa kusema mara moja kuwa ni mashetani wa skuli, na wako wa kusema ni sindano. Mji wa El Carmen de Bolívar, Kolombia, uliona mamia ya wasichana namna hiyo mwaka 2014 na uchunguzi haukukuta sumu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya na kuacha kuliita jambo hili "wasiwasi", kwa sababu mwili kweli unabadilika: presha inashuka, pumzi zinakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi. Hakuna anayejifanya. Wachanjwe wamekaa, mmoja mmoja, nyuma ya pazia.

Dhana: "nadra" ni neno la kupozea watu

Lina kipimo chake. Nadra ni chini ya mtu 1 kati ya 1,000 mpaka 1 kati ya 10,000, na nadra sana ni chini ya hapo. Mzio wa ghafla unaoziba pumzi hutokea kama mara moja katika dozi milioni, na dawa yake, adrenalini, ndiyo sababu ya kuambiwa ukae kwenye benchi dakika 15 mpaka 30 wakati wewe unawahi daladala.

Dhana: wakisema sadfa, wamefunika

Kamati inayopima chanzo haina jawabu mbili tu. Inaweza kusema tukio linalingana na chanjo, au halilingani, au ushahidi hautoshi kuamua, au taarifa zilizoletwa ni pungufu mno hata kupangwa. Kuliita sadfa kunahitaji sababu nyengine iliyoonekana, mathalani nimonia kwenye picha ya kifua. Kutojua tu hakutoshi.

Na wanaodhani ripoti huzikwa wakitazame kisa cha Rotashield. Chanjo hiyo ya kukinga kuharisha kunakoletwa na virusi vya rota ilisajiliwa Marekani 1998. Kufikia Julai 1999 zilikuwa zimekuja ripoti 15 za watoto ambao utumbo ulijiingiza ndani ya utumbo. Kumi na tano, katika dozi kama milioni moja na nusu. Hilo ndilo linaloitwa ishara: bado halijathibitika, lakini halipuuzwi. Matumizi yakasitishwa mwezi huo huo, uchunguzi ukathibitisha, na kabla mwaka kwisha chanjo ilikuwa imeondolewa sokoni. Za rota zilizofuata, Rotarix na RotaTeq, zilijaribiwa kwa makumi ya maelfu ya watoto kwa sababu ya zile ripoti 15.

Dhana: kuripoti ni kumchongea nesi

Hili linawazuia pande zote mbili. Nesi anaogopa ataulizwa yeye, mzazi anaona haya kwa "dada yetu wa kituoni" aliyemzalisha. Fomu haina mahali pa kuandika nani mwenye makosa. Inapelekwa wilayani, Wizara ya Afya, na kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na kinachotafutwa kwanza ni kama kuna mtoto mwengine, wa kituo hicho au wa toleo hilo, aliyepatwa na hali kama hiyo. Wawili wakipatikana pamoja kwa wakati, mahali au kichupa, uchunguzi unabadilika sura.

Mzazi mwenyewe anaweza kwenda kueleza, hahitaji kutumwa na sheha wala daktari. Aende na kadi ya mtoto, aseme dalili zilianza saa ngapi, na ataje kila alichopewa mtoto nyumbani kabla ya hapo, hata kama ni mizizi ya bibi. Vyote vinaandikwa.